Jirani, Mvamizi na Fidia: Msamiati wa Mgogoro wa Dhahabu Nyamongo

Aghalabu mjadala kuhusu migogoro ya migodi huachiwa wanauchumi, wanasheria na wanamazingira. Wanauchumi huhesabu mrabaha, wanasheria huhesabu kesi, nao wanamazingira hupima maji. Mwanafunzi wa Kiswahili akifika penye shimo la dhahabu huonekana kama mgeni aliyepotea njia. Makala haya yanashikilia rai iliyo kinyume na hiyo. Madhara ambayo mgogoro wa mgodi huuletea ustawi wa majirani hupitia katika maneno kabla ya kufika katika miili yao, na katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki maneno hayo ni ya Kiswahili. Ushahidi hauko mbali. Uko Nyamongo, wilayani Tarime katika mkoa wa Mara nchini Tanzania, si mbali na mpaka wa Kenya, katika nchi ya Wakuria ambao ndugu zao wa damu wanaishi upande huu wa mpaka, katika kaunti ya Migori.

Dhahabu ya Nyamongo haikugunduliwa na makampuni ya kigeni. Kabla ya mgodi mkubwa wa North Mara kuanza uzalishaji mwaka 2002, wanavijiji na wachimbaji wadogo walikuwa wakiifuata ardhini kwa sururu na nyundo, wakiyasaga mawe na kuutenga unga wake kwa zebaki. Haikuwa kazi salama, kwani zebaki ni sumu na mashimo ya wachimbaji wadogo hufukia watu. Hata hivyo ilikuwa kazi iliyofungamana na kilimo na ufugaji: mvua zikinyesha mtu alilima, zikikatika alichimba. Ujio wa mgodi mkubwa ulibadilisha mpango huo wa maisha. Mgodi wenyewe ukapita katika mikono mingi. Placer Dome ya Kanada iliununua mwaka 2003, Barrick ikaichukua Placer Dome mwaka 2006, kampuni ya African Barrick Gold ikaandikishwa katika soko la hisa la London mwaka 2010, ikajiita Acacia mwaka 2014, kisha Barrick ikaurejesha mgodi wote mikononi mwake mwaka 2019, huku serikali ya Tanzania ikipata hisa za asilimia 16. Jina la mwenye mgodi lilibadilika kila baada ya miaka michache. Jina la kijana wa kijijini anayeonekana ndani ya mipaka ya mgodi lilibaki lile lile: mvamizi.

Neno hili linastahili kutazamwa kwa makini. Kitenzi ‘vamia’ hubeba maana ya kumrukia mtu au kitu kwa ghafla na kwa nia ya kudhuru. Simba humvamia swara, majambazi huvamia benki, jeshi huvamia nchi jirani. Neno la Kiingereza ambalo kampuni imelizoea katika taarifa zake ni jepesi kuliko hilo. Humaanisha mtu aliyeingia mahali bila kukaribishwa. Mtafsiri alipolileta katika Kiswahili aliliongezea makucha. Hivyo kijana anayepanda kifusi cha mawe yaliyotupwa, akitafuta kipande chenye chembe za dhahabu mahali ambapo pengine babu yake alilima mtama, akajikuta katika kundi moja na simba na jambazi. Mtu akishapewa jina kama hilo, risasi inayompata haihitaji maelezo marefu.

Mnamo tarehe 16 Mei 2011 polisi waliwafyatulia risasi watu walioingia mgodini North Mara na kuwaua watano. Taarifa ya kampuni ilisema kwamba walioingia walikuwa wahalifu wapatao 800. Msomaji ajiulize: ni eneo gani la mashambani ambalo linaweza kutoa wahalifu 800 kwa siku moja? Idadi kama hiyo ni idadi ya watu wa kijiji, si ya genge. Mwaka 2016 kamati iliyoundwa na serikali ya Tanzania kuchunguza malalamiko ya wananchi ilipokea taarifa za watu 65 waliouawa na 270 waliojeruhiwa na polisi katika eneo la mgodi huo. Ikumbukwe kwamba polisi hao wamekuwa wakilinda mgodi chini ya hati ya makubaliano baina ya kampuni na Jeshi la Polisi, na kwamba kampuni imekuwa ikichangia gharama zao. Kwa mwanakijiji, askari huyo ni wa serikali kwa sare na ni wa mgodi kwa posho. Atakapodhulumiwa na askari huyo, atakwenda kushtaki katika kituo kipi?

Ni haki kusema pia kwamba si kila anayeparamia ukuta wa mgodi ni mkulima aliyenyang'anywa shamba. Dhahabu huwavuta vijana kutoka mbali. Baadhi yao hufika kwa makundi wakiwa na mapanga na mawe ya kurusha, na walinzi pia wamejeruhiwa. Yamekuwapo hata madai ya mara kwa mara kwamba baadhi ya askari hupokea pesa ili kufumba macho kwa saa kadhaa, kisha kuyafumbua ghafla. Lakini hayo yote yanazidi kuonyesha udhaifu wa neno ‘mvamizi’. Neno moja linamfunika mwizi wa kukodiwa, mwanafunzi aliyeacha shule, mama anayeokota mawe pembezoni mwa kifusi na mchungaji wa ng'ombe anayekatisha njia ambayo wazee wake waliitumia kabla mgodi haujaikata. Lugha inayoshindwa kuwatofautisha watu hawa wanne haiwezi kutarajiwa kuwatendea haki.

Neno la pili ni ‘fidia’. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya awali ni malipo ya kumkomboa mtu: mateka hutolewa fidia akaachiwa huru, na asiyeweza kufunga Ramadhani kwa sababu ya uzee au maradhi yasiyopona hulisha maskini kama fidia. Katika maana hiyo, anayetoa hutoa ili aliyefungwa afunguliwe. Katika lugha ya migodi maana hiyo imepinduliwa, na mapinduzi yenyewe yana tarehe ambayo Mkenya angefaa kuijua.

Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha nchini Kenya sheria iliyoahidi kwamba ardhi za Waafrika zilizotengwa zingekuwa zao milele, na kwamba kipande chochote ambacho kingechukuliwa kwa manufaa ya umma kingerudishwa kwa kipande kingine cha thamani sawa. Ardhi kwa ardhi. Mwaka 1931 dhahabu ikapatikana Kakamega. Desemba 1932, miaka miwili tu baada ya ile ahadi ya milele, sheria ikarekebishwa ili ardhi iweze kuchukuliwa kwa ajili ya uchimbaji bila kutoa ardhi nyingine, mwenyeji akilipwa pesa. Mgodi wa Rosterman ulifungwa miaka ya 1950, lakini jina lake bado linatajika mjini Kakamega hadi leo, nayo fikra ya 1932 haikufungwa kamwe: kwamba shamba, kisima, kaburi na kivuli cha mti vinaweza kugeuzwa tarakimu, na tarakimu ikishalipwa hakuna deni.

Huko Nyamongo fikra hiyo ilifika mbali zaidi. Mwaka 2011 kampuni yenyewe ilitangaza kwamba ilikuwa imepokea madai ya wanawake waliodhulumiwa kingono na polisi na walinzi wa mgodi. Baadhi ya wanawake hao walikuja kulipwa katika miaka iliyofuata, kwa sharti la kutia saini hati inayosema kwamba hawataishtaki kampuni. Hapa ndipo neno lilipopinduka waziwazi. Aliyekombolewa na fidia hiyo ni aliyeilipa. Mwanamke alibaki na kumbukumbu yake na kipande cha karatasi alichokuwa amekiwekea sahihi.

Hata hivyo neno lenye maarifa mengi zaidi kuhusu ustawi wa watu wa Nyamongo halikutoka katika sheria wala katika taarifa ya kampuni. Lilitungwa na wanavijiji wenyewe, nalo ni ‘tegesha’. Kitenzi ‘tega’ kinajulikana: mtu hutega mtego, hutega sikio, hutega maji ya mvua. Kutegesha ni kukiweka kitu katika hali ya kungojea. Nyamongo wamelifanya nomino. Nyumba ya tegesha ni nyumba iliyojengwa karibu na mgodi, si kwa ajili ya kukaliwa, bali kwa matumaini kwamba mgodi utakapojipanua utalazimika kuilipia. Ina kuta na mabati, lakini haina meko, haina choo, haina njia iliyochimbika kwa nyayo za wenyeji. Shamba la tegesha nalo hupandwa miche iliyosongamana, ambayo mkulima yeyote anajua haitazaa, kwa sababu hesabu ya wathamini hugusa idadi ya mimea.

Wapo wanaolitaja jambo hili kwa kicheko, na wapo wanaolitaja kwa hasira kama utapeli mtupu. Kampuni ina haki ya kulalamika, kwani hakuna anayependa kulipia nyumba isiyokuwa nyumba. Aidha si wenyeji peke yao wanaotegesha. Watu wa mijini wenye pesa wamekuwa wakikubaliana na wenye mashamba, huyu akitoa ardhi na yule akitoa mabati, ili wagawane kitakachopatikana. Lakini mwanafunzi wa fasihi aliyezoea kumtazama mhusika katika mazingira yake hawezi kuishia hapo. Tegesha ni tafsiri sahihi kabisa ya sheria, iliyofanywa na watu ambao hawakuialika sheria hiyo. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 na kanuni zake za mwaka 2001 zinaagiza mwenye ardhi alipwe thamani ya ardhi na ya vilivyoendelezwa juu yake, pamoja na posho za usumbufu, usafiri na makazi na faida aliyoikosa. Kinachohesabika ni kile kinachoonekana. Miaka ishirini ya ujirani mwema haihesabiki, wala ukaribu wa mto, wala mkono wa bibi anayelea wajukuu wa nyumba tatu. Wanavijiji walisoma hesabu hiyo, wakauacha upande usiolipwa, wakajenga upande unaolipwa.

Gharama yake kwa ustawi ni kubwa kuliko mabati yaliyopotea. Neno lenyewe ‘ustawi’ latokana na ‘stawi’, kitenzi ambacho kwanza ni cha mimea: mahindi hustawi, mgomba hustawi, na ndipo mtoto husemwa kuwa amestawi. Katika shamba la tegesha mmea umepandwa ili uhesabiwe, na haijalishi kama utastawi. Na maisha ya binadamu yanayolizunguka shamba hilo huanza kufanana nalo. Mtu aliyekwisha kufanyiwa uthamini huambiwa asiongeze chochote katika ardhi yake. Asijenge, asipande miti, asichimbe kisima. Ukuta ukipasuka kwa mtikisiko wa baruti anaufungia kamba, kwa kuwa hakuna busara ya kutia saruji katika nyumba itakayobomolewa. Malipo yasipokuja mwaka huu, atangoja mwaka ujao. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa uthamini anaingia darasa la kwanza katika nyumba hiyo hiyo iliyofungwa kamba. Baba yake naye anaanza kushukiwa: mbona nyumba yake haitengenezwi, si ni ya tegesha hiyo? Mkazi halisi na mtegeshaji hatimaye hawatofautishiki machoni mwa mthamini, na hasara humwendea yule asiyekuwa na nyumba nyingine mjini.

Na pesa zinapolipwa, mara nyingi hulipwa kwa jina la mwenye boma. Mke aliyelima shamba hilo kwa miaka na kujua kila kona yake husikia habari ya malipo kwa majirani. Riwaya nzima inaweza kuandikwa juu ya wiki hiyo moja ya malipo, na ni ajabu kwamba waandishi wetu wa Kiswahili, ambao hawajaona uvivu kuandika juu ya jiji na siasa zake, wameuachia mgodi waandishi wa ripoti.

Kuhusu maji, maneno machache yatatosha kwa sababu jambo hili limeandikwa sana. Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodini na kuingia katika mto Tigithe, ambao hutiririka hadi mto Mara, nao mto Mara hutoka Kenya na kuishia katika Ziwa Viktoria. Wanavijiji walilalamika juu ya magonjwa ya ngozi na vifo vya mifugo. Kampuni ilieleza kwamba uvujaji ulitokana na wizi wa utandiko wa plastiki uliowekwa kuzuia maji hayo. Yaani mvamizi akatajwa tena, safari hii kama chanzo cha sumu iliyomfikia yeye mwenyewe. Mwaka 2019 baraza la mazingira la Tanzania, NEMC, liliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 za nchi hiyo kwa uchafuzi uliotokana na bwawa lake la mabaki. Faini hulipwa serikalini. Ng'ombe hunywa mtoni.

Mkenya asomaye haya asidhani kwamba ni habari za ng'ambo ya mpaka tu. Huko Kwale, wakazi wa Maumba na Nguluku walihamishwa ili kuupisha mgodi wa titani ambao ulisafirisha shehena yake ya kwanza mwaka 2014 na kukoma kuchimba Desemba 2024. Hakukuwa na risasi za mfano wa North Mara, na kampuni ilisifiwa kwa upandaji miti na ufadhili wa masomo. Hata hivyo Sheria ya Madini ya mwaka 2016 iliahidi kwamba asilimia 70 ya mrabaha ingeenda kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii inayoishi penye madini, na kwa miaka kadhaa baadaye fungu hilo la jamii lilibaki karatasini. Mdigo aliyehama akiacha mikorosho na minazi yake alikuwa akingojea kama Mkuria wa Nyamongo alivyokuwa akingojea, tofauti ikiwa kwamba hakuwa ametunga neno la kungojea kwake. Au pengine alilitunga na hakuna aliyekwenda kuliuliza.

Hilo la kuuliza ndilo linalohusu idara za Kiswahili moja kwa moja. Wanafunzi wetu hutumwa kila mwaka kukusanya methali na nyimbo za jando, na ni vyema watumwe. Lakini lugha hai ya watu wanaoishi kando ya migodi haijapata mkusanyaji. Mwanafunzi anayetaka kulielewa neno ‘tegesha’ kama jina la nyumba isiyokaliwa atasaidiwa na safari ya Tarime kuliko na kamusi. Geita kuna ‘magwangala’, mawe ya mabaki yatolewayo mgodini kwa kuwa dhahabu iliyomo haitoshi kugharimia kusagwa kwake, ambayo wananchi wamekuwa wakiyadai kwa miaka kama haki yao. Katika neno hilo moja kuna falsafa nzima ya mgawanyo wa mali: kilicho takataka kwa mmoja ni madai ya kisiasa kwa mwingine. Mwanaisimu anayeandika tasnifu juu ya uundaji wa istilahi anaweza kuiacha kwa muda orodha ya istilahi za kompyuta akaliangalia hili. Na mtafsiri wa habari anayepokea taarifa ya mgodi kwa Kiingereza ana wajibu wa kusita kabla ya kuandika ‘wavamizi’. Kiswahili kina ‘walioingia mgodini’, kina ‘wasaka mawe’, kina ‘wachimbaji wadogo’, kina hata ‘majirani wa mgodi’. Kuchagua mojawapo si kupendelea upande. Ni kueleza kilichotendeka bila kukihukumu kabla ya mahakama.

Mahakama zenyewe zimekuwa mbali. Wanavijiji wa Nyamongo waliishtaki kampuni jijini London mwaka 2013, na shauri likamalizwa nje ya mahakama mwaka 2015 kwa masharti ya siri. Wengine 21 walifungua kesi huko Ontario, Kanada, mwaka 2022. Mkuria aliyesimulia kifo cha nduguye kwa Kikuria au kwa Kiswahili alihitaji kufikishwa mbele ya hakimu kwa Kiingereza cha wakili, na katika safari hiyo kila neno lilipitia mikono kama mgodi ulivyopitia. Novemba 2024 jaji wa Ontario aliamua kwamba madai hayo hayakustahili kusikilizwa Kanada na kwamba mahali pake panapofaa ni Tanzania.

Uamuzi huo uliwavunja moyo watetezi wa haki za binadamu, nao walikuwa na sababu zao: si rahisi kumshtaki anayelindwa na polisi katika nchi ya polisi hao hao. Lakini una upande mmoja ambao haukutajwa sana. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, lugha ya mahakama za Tanzania ni Kiswahili. Kesi ya namna hiyo ikifunguliwa katika Mahakama Kuu pale Musoma, hakutakuwa na mkalimani wa kusingiziwa. Wakili wa mgodi atalazimika kulitamka neno ‘mvamizi’ kwa sauti, mbele ya mama wa aliyeuawa, naye wakili wa mama huyo atakuwa na nafasi ya kumwomba jaji neno hilo lifutwe katika kumbukumbu hadi lithibitishwe.